Siku Niliyorudi Darasa la Nne

Mke wangu alipoitwa ofisini katikati ya jiji akapewa barua ya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma hapa Kangemi, majirani walinipongeza mimi. Wakaanza kuniita Bwana Mwalimu, mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yangu hajawahi kuzitamka mbele ya wageni. Kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine, sebuleni, na niliipenda kwa sababu moja kubwa: haikunitaka nivae viatu.

Asubuhi niliwaaga mlangoni. Mama mtu alienda shuleni kwake kwa miguu. Binti yetu wa miaka tisa alipanda basi dogo la njano hadi Parklands, kwenye akademi ya kulipia, ya tai na soksi ndefu. Akademi hiyo ilikuwa wazo langu. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure miaka michache tu nyuma, watoto wakafurika, darasa moja likawa na themanini na kitu. Niliogopa. Tena, niseme ukweli, nilipenda majirani wamsikie mwanangu akinisalimia kwa Kizungu.

Mkutano wa kwanza wa wazazi nilienda kwa ajili ya soda. Mke wangu alihutubia vizuri, akauliza kama kuna swali. Akasimama shosho mmoja muuza sukuma wiki, mlezi wa wajukuu watatu pale shuleni.

"Mwalimu, sisi tunakupenda. Nauliza tu. Nikiingia hoteli nipate mwenyewe anakula kwa jirani, hiyo nyama niiamini?"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi soda ilinipanda puani. Mke wangu alisubiri watulie.

"Shosho, umeuliza vizuri. Nipe wiki moja nikujibu."

Nyumbani niliwahi kusema kabla hajaketi. "Mtoto hatoki kule."

"Kwa nini, mzee?"

"Watoto themanini! Atafundishwa na nani?"

"Na mimi na walimu wangu. Ama unasema hatufundishi?"

"Sijasema hivyo."

"Darasa langu la nne umewahi kuliingia?"

"Nitoke niende saa ngapi, na kazi yote hii?"

"Kesho. Ukae kutwa. Ukirudi useme bado hapana, nitanyamaza, na shosho nitamjibu hivyo hivyo."

Kesho yake nikavaa viatu. Niliketishwa kwenye dawati lenye watoto watatu, magoti yangu yakawa jirani na masikio. Mwalimu, kijana mwenye sauti iliyokauka, alitoa hesabu kumi za sehemu. Msichana wa kando yangu, pengo mbele, alifunika daftari kwa mkono.

"Anko, usinikopie."

Nikapata nne. Yeye tisa. Aliponionea huruma alinong'ona, "Za chini zikiwa tofauti, hujumlishi tu hivyo. Kwanza zifanye zifanane." Jambo hilo lilikuwa limenipita tangu utotoni, likaja kunipata kwa mtoto wa pengo.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilipendeza. Waliokaa nyuma walinyoosha shingo kama kuku waone ubao, na mmoja alilala hadi kengele. Lakini yule kijana alisahihisha daftari zote wakati wenzake wanakunywa chai, na alimjua kila mtoto kwa jina. Halafu mapumziko! Watoto walimwagika uwanjani, wakacheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa soksi kuukuu, kelele zikapaa. Kule akademi walichezea mahali pa kuegesha magari, na kukimbia kulikatazwa.

Jioni nilimwambia binti yetu kila kitu. "Ukihamia kwa mama mtakaa wanne kwenye dawati."

"Lakini mnaruhusiwa kukimbia?"

"Mnakimbia mpaka mwalimu anachoka kugonga kengele."

"Basi naenda." Akafikiri kidogo. "Mama nitamwita Mama ama Mwalimu?"

"Mwalimu," akasema mama yake.

"Hata nikianguka?"

"Ukianguka uniite Mama."

Nikakubali. Sweta yake niliifuma usiku huohuo, na nikakosea mkono mmoja kwa haraka; Jumatatu ikaingia langoni kwa mama yake, na shosho akawa amejibiwa.

Nimesikia watu wakidai iwe sheria, kila mkubwa wa shule za umma asomeshe wanawe humohumo. Mimi sheria sizijui, na sioni haja ya kumfunga mzazi kamba. Nijualo ni kwamba tulikuwa tumejiletea mkaguzi mezani. Kila chakula cha jioni binti yetu alisoma ripoti: mwalimu gani amechelewa, dirisha lipi linaingiza mvua, nani hajapata kitabu. Mke wangu, aliyekuwa akila polepole, alianza kula na kalamu.

Wiki ya pili mkaguzi alitua kijiko. "Mwalimu, choo cha wasichana hakina komeo. Tunashikiana mlango kwa zamu."

Mke wangu aliandika, akapiga mstari chini. Alikuwa akipita mbele ya vyoo hivyo kila siku. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Mimi ni mfumaji," nikasema.

Jumamosi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya choo cha wasichana nikiwa na bisibisi, binti yetu ameshika misumari ya kukaza, foleni ya rafiki zake nyuma yetu wakitoa maoni. Komeo likaingia. Mtoto wa pengo akawa wa kwanza kuingia na kujifungia, akagonga kutoka ndani kutujulisha linashika.

"Nzuri," binti yetu akaniambia. "Bado milango mitano."