Siku Mchezo Wangu Ulipomlisha Papa Monga Mbele ya Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe, mucheke mumalize: mimi Numbi, mwalimu wa kompyuta, nilimlisha mtu mzima, papa (baba) wa watu, bukari, ugali wetu, mbele ya mama mkwe wake, ukutani, ukumbi mzima, ile salle ya parokia, ukisoma, na mama mkwe mwenyewe ameketi nyuma anaona. Haya, mumecheka? Sasa musikilize, maana Kamina yote, mji mzima, inaisimulia vibaya.

Kile chumba cha nyuma ya salle munakijua, ndimo ninamofundisha wasichana Python, ile lugha ya kuiambia mashini cha kufanya, kwa laptop zetu za kuzeeka. Komite ya wazazi ikataka chumba kiwe cha kuwekea mahindi (mahindi!), nami nikapiga kelele mpaka Papa Monga, prezida wa komite, akaniambia: "Weye Numbi, onyesha bantu kile batoto banajifunza. Kama iko na maana, chumba inabaki yako."

Basi nikaandika mchezo wa maneno tu, hakuna picha: mwanaume amefika ukweni, unaandika afanye nini, salimia, keti, kula, na mchezo unakujibu. Na kwa kuwa kwetu Baluba mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, mchezo unakagua kwanza, mama ametoka? Kama hajatoka, bukari ingoje. Ulifanya kazi vizuri kabisa, naapa, lakini asubuhi ya siku yenyewe nikaona hali ya mama mkwe imeandikwa False, neno la Python la kukataa, nikasema aa, wazee wetu watasoma nini hapo? Nikafuta kila False nikaweka "hapana", kila True nikaweka "ndiyo". Sikujaribu tena (nani anaonja tena mboga aliyokwisha kuionja?), nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Salle imejaa, shuka jeupe liko ukutani, projekta inawaka. Nikamwomba Papa Monga acheze yeye mwenyewe, kwa heshima. Akaandika jina lake, akasalimia, akaketi, halafu kwa makusudi, mama mkwe wa mchezo akiwa bado chumbani, akaandika "kula". Alitaka kunitega. Ukutani yakatoka haya, kwa herufi kubwa:

"Mama mkwe ametoka: hapana. Monga anakula bukari na kuku. Mama mkwe anamtazama akitafuna."

Mtu akasema "Eh Leza wami, Mungu wangu!" na salle yote ikalipuka. Kule nyuma Mama Umba, mama mkwe wake wa kweli, akajifunika kitenge uso mzima.

"Miye?" Papa Monga akanigeukia. "Miye nakula mbele ya mama mukwe?"

Mtu mwenye akili angechomoa waya. Mimi nikasema, "Papa, andika omba samahani, itatengenea." Akaandika, masikini, kidole kimoja kimoja.

"Mama mkwe amekasirika: hapana. Mama mkwe amekasirika sana. Anamchukua binti yake na kuondoka naye."

"Sasa inanikamatia na bibi!" Papa Monga akapiga kelele, na watu wakaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko, na mabega ya Mama Umba chini ya kile kitenge yalikuwa yanatikisika, na kile hakikuwa kilio, nakuambieni. Papa Monga akasimama. "Hapana," akaniambia mbele ya wote. "Chumba hatukupatie. Ndio mwisho."

Walipotoka nikabaki na mashini yangu, hasira na machozi pamoja, sidanganyi. Nikaipa neno "hapana" nikaiuliza, hii ni kweli? Ikajibu, kweli. Nikaipa "mahindi". Kweli. "Monga". Kweli! Kumbe kwa Python neno lolote unaloliandika ndani ya alama za kunukuu, hata la kukataa, linahesabika kuwa ndiyo, ila ukiziacha alama hizo tupu bila neno ndani. Kimya tu ndicho kinachokataa.

Basi, nimejifunza. Kwenye kukagua, False itabaki False, na sitaonyesha tena kitu ambacho sijakijaribu, hilo naapa. Lakini kuomba samahani kwa sababu nilitaka mashini iseme na wazee wetu kwa lugha yao? Siombi, leo wala kesho.

Jumatatu nikafungua chumba, wasichana wakaketi, laptop zikawaka. Papa Monga akatokea mlangoni na gunia la kwanza la mahindi begani.

"Weye, hatukukuambia hapana?"

"Muliniambia, papa. Lakini kwa mashini yangu kila neno ni ndiyo. Mukitaka kunikataza, munyamaze."

Akatua gunia, akaanza kunifokea, kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa Kifaransa, maneno juu ya maneno. Nami nikageukia ubao, nikaendelea na somo.