Kikombe cha Hamuza

Imetangazwa rasmi, kwanza kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu na baadaye kwa karatasi zilizobandikwa sokoni, kwamba kuanzia sasa hakuna pombe ya kienyeji itakayouzwa Arua na viunga vyake isipokuwa ile iliyopikwa ndani ya kiwanda. Kiwanda, tangazo likafafanua, ni mahali penye sakafu ya simenti, paa lisilovuja, na vyombo vya chuma vyenye vifuniko. Chungu si chombo. Tena hakuna kinywaji kitakachomfikia raia kabla mtaalamu hajathibitisha kwamba kinafaa kwa kinywa cha binadamu. Serikali, likamalizia, inajali afya ya kila koo.

Huko Ayivu, pembeni mwa mji, koo la kwanza kukauka lilikuwa la Linda, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mnywaji wa kutajwa. Linda alipika kwete, ile pombe nzito ya mahindi na kimea cha mtama ambayo mtu huinywa huku akiitafuna, na vyungu vyake vya nyuma ya nyumba ndivyo vilivyosomesha watoto. Mumewe, Anguzu, alikuwa fundi wa baiskeli, kazi yenye heshima na iliyopungukiwa wateja tangu bodaboda zijae barabarani. Anguzu alilisikiliza tangazo mpaka mwisho, akaitazama pikapu ikigeuza, akasema, "Basi tujenge kiwanda." Halafu akampigia simu Hamuza.

Hamuza ni fundi wa kuchomelea mjini Koboko, Mnubi, mmoja wa wale ambao babu zao walishuka kutoka Sudan wakiwa na bunduki za watu wengine mabegani. Mageti mengi ya Koboko ni yake. Sehemu ya kutawadhia pale msikitini, pamoja na koki zake ambazo hazidondoki, ni yake pia, na imamu akisafiri, mara nyingi huyo huyo Hamuza ndiye anayesukumwa mbele kuswalisha, kwa sababu ana sauti na hana haraka.

Habari ya Wanubi na pombe inataka adabu kuisimulia. Ni watu wa kushika dini, na ndio hao hao waliokuwa wakisifiwa kwa araki yao, pombe kali ya kukeneka, tangu enzi za Waingereza. Bibi yake Hamuza aliipika. Baba yake, Sebit, askari, aliinywa. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka na watu wa huku West Nile wakakimbilia Kongo, Sebit alikimbia na chupa. Waliporudi alikuwa hana nyumba, hana pensheni, na ini lake lilikuwa linamuaga. Kabla hajafa alimwita mwanawe, akauweka mkono wa kijana juu ya Msahafu, akamwomba jambo moja. Hakumwomba asome wala atajirike. Alisema, "Hata tone." Hamuza akakubali. Ndugu wengine waligawana kiwanja. Yeye alitoka na neno hilo na nyundo.

Anguzu alikuwa akilijua neno hilo tangu walipokuwa pamoja katika chuo cha ufundi, upande wa Ombaci. Siku ambazo hawakuwa na masomo walikwenda kulima kwa baba yake Anguzu. Kule Ayivu mwenye shamba huwaita majirani, wanalima pamoja, jua likikaza wanakaa chini na kikombe kinazunguka. Kukipitisha kikombe bila kunywa si suala la kiu. Ni kumwambia mwenye nyumba, mbele ya ukoo wake wote, kwamba unadhani ametia sumu. Watu wameacha kusalimiana kwa vizazi kwa sababu ya kikombe kimoja kilichopitishwa.

Kwa hiyo Anguzu alikaa kando ya Hamuza. Alikunywa chake, kisha akanyoosha mkono, akanywa na cha rafiki yake. Mara ya kwanza wazee walikunja uso. Baadaye wakazoea, na mtu akawa anasema tu, "Hiki cha Hamuza," kama anavyotaja ada ya kanisa. Ikawa hivyo matangani, ikawa hivyo kwenye mahari. Anguzu alipomwoa Linda, bwana harusi alikunywa kwa niaba ya wawili na akalala kabla ya hotuba ya baba mkwe. Mpaka leo anaijua hotuba ile kwa kusimuliwa na Linda tu.

"Kiwanda cha nini?" Hamuza aliuliza kwenye simu.

"Cha kwete. Mama watoto atafungiwa. Wewe iko na mashine, mimi niko na kiwanja."

Hamuza akasema, "Mimi nachomelea chuma. Kitu inaingia ndani ya chuma, hiyo ni kati ya chuma na Mungu."

Wanazuoni wangepata la kusema juu ya hoja hiyo, lakini hakuna mwanazuoni aliyekuwa kwenye laini. Mke wa Hamuza, Jalia, alimuuliza anakwenda kutengeneza nini Arua kila Jumamosi. "Pipa," alisema. "La nini?" "La mtu." Jalia akamfungia chapati.

Kiwanda kilijengwa kwa vitu ambavyo dunia ilikuwa imemaliza kuvitumia. Shirika moja la misaada lilikuwa limefunga jiko la kambi ya wakimbizi, na masufuria yake, makubwa kiasi cha kumwogeshea ng'ombe, yalikuwa yanauzwa kama chuma chakavu. Hamuza aliyasimamisha mawili, moja juu ya jingine, midomo ikitazamana, akayaunga yakawa tangi. Mfuniko ulitoka kwenye dishi la televisheni. Kichujio kilikuwa magunia ya mchele yaliyobanwa kati ya pete mbili za chuma, na pete hizo zilikuwa rimu za baiskeli, mchango wa Anguzu. Kikoroga kilizungushwa kwa pedali. Ungeweza kukipanda na kuamini unakwenda Koboko. Koki za kutolea pombe zilikuwa ndugu wa zile za msikitini. Hamuza alizikaza bila kusema lolote juu ya undugu huo.

"Bwana, hii mshono yako tamu," Anguzu alisema akipitisha kidole ndani ya tangi. "Sioni mahali inaanzia."

"Usiguse. Mikono yako ni ya mafuta ya cheni. Watu watakunywa baiskeli."

"Shemeji, mwache," Linda akasema kutoka jikoni, ambako alikuwa akikaanga unga uliochachuka. "Mafuta yake ndiyo viungo. Nimemla miaka yote sijafa."

Walicheka sana miezi ile. Anguzu amesema baadaye kwamba kama wangeweza kujenga tu, wakajenga, wasimalize, asingekuwa na neno na mtu. Lakini sakafu ya simenti ilikauka, paa likakataa kuvuja, na Linda akapika. Kwete ikachacha ndani ya tangi, ikachujwa, ikatoka kwenye koki rangi ya udongo wa Ayivu, na kila aliyenusa alikiri kwamba ni yenyewe.

Siku ya kufungua Linda alimwalika Mama Léontine, Mkongo mwenye baa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Mama huyo alikuwa akinunua kwete ya Linda tangu enzi za vyungu. Akiichukua hii, kiwanda kimesimama. Akiiacha, kilichojengwa ni banda. Majirani walikuja pia, wakakaa kwenye mabenchi. Hamuza alisimama kando ya tangi akiwa na spana, tayari kwa lolote litakalovuja.

Linda akafungua koki, akajaza kikombe, akanywa mbele ya watu, kama inavyompasa aliyepika. Akakijaza tena, akampa Mama Léontine kwa mikono miwili.

Mama Léontine hakukipokea. Alilizunguka lile tangi kama mtu anayenunua ng'ombe, akaligonga kwa pete ya kidoleni.

"Mama Linda, wewe nakujua," alisema. "Chungu nayo nakijua, iko na mdomo, mutu anachungulia. Hii kintu haina mdomo. Nani alijenga?"

"Huyu shemeji yangu. Fundi wa Koboko."

"Basi fundi anywe. Mutu akinijengea nyumba, analala ndani kwanza."

Watu wakacheka, kwa sababu hoja ilikuwa nzuri. Wengine waliendelea kumtazama Hamuza baada ya kicheko kwisha.

"Mimi ni Mwislamu, mama," Hamuza alisema.

"Bwana yangu wa kwanza alikuwa Mwislamu. Alikunywa mpaka akasahau mimi ni nani."

Wakacheka tena. Anguzu, bila kufikiri, akanyoosha mkono kukichukua kikombe, jinsi alivyokuwa akinyoosha tangu ujana.

"Si wewe," Mama Léontine akasema. "Wewe ni mwenye nyumba, utakunywa hata petroli. Nimesema fundi. Alitia dawa gani kwa ile mshono? Asipokunywa, kuna kintu anajua."

Mzee mmoja benchi la mbele akakiweka kikombe chake kitupu chini, taratibu, mdomo ukielekea ardhini. Kule Ayivu hilo ni neno zima: hapa sinywi. Wa pili naye akainama.

Hapo ndipo Anguzu alipokuwa na nafasi ya kusema. Angeweza kusema, huyu ana neno na marehemu baba yake, mwacheni. Angeweza kumwambia Mama Léontine arudi Ariwara. Alimwona mkewe, kikombe kikiwa bado mikononi, na povu likianza kutua. Akakichukua kile kikombe, na safari hii hakukipeleka kinywani mwake. Akakitia mkononi mwa Hamuza.

"Kidogo tu, ndugu yangu," alisema. "Ya kulowesha mdomo. Watu waone."

Hamuza alimtazama. Si kwa hasira. Wote waliokuwapo wanakubaliana juu ya hilo. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha aliyodhani rafiki yake haijui. Akaiweka spana chini. Akakiinua kikombe, na kwa mazoea ya maisha yake yote midomo yake ikaanza, "Bismi—", ikakatika hapo. Kisha akanywa. Hakulowesha mdomo, alikinywa chote, na machicha yake, akakigeuza kuonyesha hakuna kitu.

Mama Léontine akapiga makofi, akasema sasa ndiyo, akajaziwa, akanywa, akaagiza. Yule mzee akakiinua kikombe chake. Kwete ilikuwa nzuri. Hilo nalo wote wanakubaliana. Katika shangwe ile Hamuza aliomba maji, akasukutua nyuma ya nyumba, akatundika koti begani, akatembea mpaka kwenye magari ya Koboko. Grainda yake ya kulainishia chuma ilibaki.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Anguzu akapanda gari na ile grainda magotini, akamkuta Hamuza karakanani kwake akichomelea geti. Hamuza akazima mashine, akavua miwani, akaagiza chai kwa jirani. Wakaulizana hali ya watoto. Wakazungumza juu ya mvua ya upande wa Kuluba na bei ya chuma, ambayo waliilaumu kwa kirefu.

"Nimeleta grainda," Anguzu akasema hatimaye.

"Asante. Nilikuwa nimepata ingine."

"Jalia iko na habari?"

"Hapana. Hakuna mutu hapa iko na habari."

"Basi..."

"Imamu alisafiri Ijumaa. Waliniambia niende mbele. Nikasema koo inauma." Hamuza akakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Sasa inauma kila akisafiri."

Anguzu akasema lile ambalo amelijutia kuliko hata kile kikombe. "Lakini ungeweza kukataa."

"Kukataa namna gani?" Hamuza aliuliza, kwa utaratibu, kama anayetaka kweli kufahamu. "Miaka yote ni wewe ulikuwa nakataa kwa ajili yangu. Mimi sijawahi kujifunza."

Walimaliza chai. Hamuza alimsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, akamshika mkono, akampa salamu ampelekee shemeji Linda. Adabu yote ilitimizwa. Anguzu anasema angefurahi zaidi kama angetukanwa, maana tusi lina mahali pa kushika. Tangu siku hiyo wanapigiana simu Idi na Krismasi, nao wanaulizana juu ya watoto. Mshono mmoja wa tangi ulipoanza kutoa unyevu, Anguzu alileta fundi wa Arua. Mshono huo sasa unaonekana mahali unapoanzia.

Kiwanda kinafanya kazi. Mama Léontine bado ananunua, na Linda amempeleka mtoto wa mwisho shule ya bweni. Anguzu anakanyaga pedali asubuhi, na kwenye shughuli za kijiji anakunywa kikombe kimoja, akisema umri umekwenda.

Mkaguzi, yule mtaalamu wa kwenye tangazo, alikuja mwishoni mwa mwaka, kwete ikiwa imeshanywewa miezi kadhaa. Aliitazama sakafu, akalitazama paa, akaufungua mfuniko na kuufunga. Aliandika kwamba kinywaji kimethibitishwa kuwa kinafaa kwa kinywa cha binadamu, akatia sahihi. Linda akamletea kikombe kwa mikono miwili. Bwana mkaguzi akasema samahani, yeye ni mlokole, hajawahi kuonja na hataonja. Watu wote waliokuwa kwenye mabenchi walimwelewa.