Tone Moja Ndani ya Kiberiti

Mpaka leo nikishika kiberiti, hukitikisa sikioni kabla ya kukifungua.

Baba alikuwa mkaushaji wa pareto kwenye shamba la mzungu, na siku moja alileta nyumbani kipimajoto cha tanuri. Alituonya kwamba zebaki iliyomo ni sumu. Nilikichezea, kikavunjika. Zebaki ikatawanyika sakafuni kama shanga, hadi kwenye mkeka alipokuwa akitambaa dada yangu mdogo.

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akaichimba sakafu aliyokuwa ameisiriba asubuhi hiyo hiyo. Alijaza udongo kwenye karai, akautupa chooni, akarudi akihema.

"Wewe, kuna ingine imebaki?"

"Hakuna, mama. Imeisha yote."

Tone moja nilikuwa nimelificha ndani ya kiberiti chini ya mto wa kitandani, kwa uzuri wake.

Akanituma maji. Niliporudi, mtoto alikuwa ameshushwa mgongoni na kuwekwa kitandani, anatafuna kile kiberiti. Nilimpokonya, nikakitikisa sikioni.

"Kilikuwa na nini?" mama akauliza, jembe bado mkononi.

"Hakina kitu," nilimjibu, na kweli kilikuwa kitupu.