Nilisahau kufuta "subiri kwanza" kwenye biti ya singeli, wabeba mizigo wa Kariakoo wakalichukua

Wakuu, habari za mchana.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne nikiwaza mtanichukuliaje. Liwalo na liwe. Yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Nimemaliza chuo, ajira sijapata, natengeneza biti za singeli kwa laptop nyumbani Ilala. Mama alinipa sharti: biti moja ikubalike na watu, la sivyo niende Masasi nikasimamie duka la mjomba.

Kariakoo kuna mzee wa Kiarabu anauza spika, tunamwita Ami Nassor. Huzijaribu barazani kwa singeli, na wabeba mizigo hupumzika hapo wakicheza. Nikamwamkia, nikampa flashi.

"Marahaba. Lakini wakiondoka, usirudi. Mimi nauza spika, sigawi huruma."

Ikapigwa. Watu wakaanza kuchangamka. Katikati ngoma zikakatika, ikasikika sauti yangu, ya woga kabisa: "Subiri kwanza..."

Wakuu, nilijificha nyuma ya maboksi. Huwa najirekodi hivyo kuweka alama kwenye biti pale ninapotaka kufikiria zaidi. Nilisahau kufuta.

Mbeba mizigo mmoja, Chande, aliganda mguu ukiwa hewani. Wenzake nao wakaganda. Ngoma ziliporudi, baraza zima likalipuka.

"Ami, rudisha hapo!"

Ikarudiwa mara tatu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikalifuta neno hilo, nikiogopa watagundua ni kosa. Siku mbili nzima naisafisha biti.

Nikapeleka ile safi. Walisikiliza kidogo, wakaanza kuondoka. Chande akanifuata.

"Msomi, subiri yetu umeipeleka wapi?"

"Lile lilikuwa kosa, kaka."

"Kosa lilikuwa lako. Sisi tumeshalicheza, ni letu."

Nakala ya mwanzo sikuwa nayo tena; hata kwenye flashi nilishaifuta. Nikajirekodi upya palepale kwa simu. Wakatikisa vichwa.

"Huogopi vya kutosha," Chande akasema. Hata Ami akacheka.

Mwisho nikawapa simu waseme wao, wote kwa pamoja. Hiyo ndiyo inayopigwa sasa.

Juzi napita Gerezani, nikasikia biti ya mtu nisiyemjua ina ukimya uleule katikati, ila humo watu wanapaza sauti "shusha mzigo!" Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho.

Nilichojifunza: nilidhani mtengenezaji ndiye anaamua muziki uende wapi. Kumbe anayeucheza naye ana usukani, na anaweza kupenda kilekile ulichokionea aibu. Mdogo wangu anasema hata kwenye games wachezaji hung'ang'ania hitilafu mpaka inakuwa sehemu ya mchezo. Bado nalifikiria hilo.

Jana mama alipiga simu akiwa kazini, anauliza Masasi naenda lini.

"Subiri kwanza," nikamjibu.

Kumbe biti alishaisikia mtaani. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Haya wakuu, ninyi mashabiki wenu waliwakataza kufuta kosa gani? Ila msinichambe sana, kila komenti naisoma mara tatu.