Mhimili Mmoja kwa Kasumbalesa na Kilwa

Iko asubuhi moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, hata leo nikiwa na wajukuu. Nilikuwa kijana, sijaolewa, nafanya kazi ya takwimu katika biro moja, yaani ofisi, ya afya hapa Lubumbashi. Tangu nilipofika kazini nilikuwa nikiketi na kusimama, nikiketi na kusimama, mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama kiti changu kina misumari.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia sehemu mbili. Kilikuwa Kasumbalesa, pale mpakani, ambako malori yanapanga foleni na madereva wanakula na kulala kando ya barabara. Na kilikuwa Kilwa, kule kwenye ziwa Mweru. Serumu, yale maji ya kutundikia wagonjwa, na dawa ya kusafishia maji tulikuwa nazo ghalani, ila gari la kuzibeba lilikuwa moja tu. Wakubwa walikuwa wakutane mchana huohuo waamue liende wapi, na mimi nilipewa kazi ya kuwachorea mchoro wa wagonjwa wa kila upande, wautazame kabla ya kuamua.

Sasa sikia kilichokuwa kinanichoma. Mdogo wangu Fifi alikuwa ameolewa Kilwa na mwuza samaki. Alikuwa amenipigia simu akiwa na haraka, sauti inakatika, akiniita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, huku bantu banaharisha sana. Mama-mukwe wangu naye anaanza." Simu ikafa. Tangu siku ile kila nikipiga, naambiwa haipatikani. Nilikuwa napiga kwenye ngazi, napiga chooni, napiga huku nikitafuna mkate ambao sikuhisi ladha yake.

Nikaketi mbele ya kompyuta. Nyinyi vijana mnaijua kazi hii kuliko mimi, lakini acha nieleze kwa ajili ya yule asiyeijua. Ukiipa programu ya takwimu namba zako, inakuchorea mstari ndani ya kisanduku, na yenyewe inachagua mihimili: ule wa chini unaobeba wakati, na ule wa kushoto unaobeba idadi. Inachagua ili mstari wako ujaze kisanduku vizuri. Haijui unataka kulinganisha na nini. Nikachora Kasumbalesa upande huu na Kilwa upande ule, kila mmoja katika kisanduku chake na mihimili yake. Mistari yote miwili ikapanda mpaka karibu na dari. Ukiitazama kwa haraka, ungeapa kwamba ni misiba miwili iliyolingana.

Lakini haikulingana. Mhimili wa Kasumbalesa ulihesabu wagonjwa kwa mamia, wa Kilwa kwa makumi. Namba zilikuwa pale pembeni, ndogondogo, kijivu. Nani katika mkutano anasoma namba za pembeni? Watu wanatazama mstari.

Mimi nilijua, na ninakuambia ukweli, nilipata matumaini kwamba gari lingeweza kupelekwa Kilwa. Nilisema moyoni, nimeacha tu kompyuta ifanye kazi yake, sikudanganya mtu.

Papa Kazadi akaja kusimama nyuma yangu. Huyu alikuwa mkuu wa kitengo chetu, mtu wa familia ya Kasai iliyokuja Katanga zamani, mrefu, mpole, anayevaa koti hata wakati wa joto. Yeye ndiye aliyenifundisha takwimu tangu nilipotoka chuoni. Alijua habari za Fifi, maana alinikuta nalia juzi yake. Akautazama mchoro, kisanduku kwa kisanduku. Mimi nikawa nagonga kalamu mezani.

"Mutoto yangu," akasema, "hapa uko unachora, ama uko unaomba?"

Nikakaza macho kwenye kisanduku cha Kilwa.

"Kama uko unaomba, twende kanisa, nitaomba pamoja na weye. Lakini kama uko unachora, weka bote babili kwa kipimo kimoja."

"Papa," nikasema, na sauti yangu ilipanda kuliko inavyofaa mbele ya mkubwa, "nikiweka kipimo kimoja, Kilwa itakuwa kama haiko. Itaonekana mustari tu chini pale. Gari itaenda Kasumbalesa."

"Pengine."

"Na Fifi?"

Akavuta kiti, akaketi kando yangu, jambo ambalo wakuu wa wakati ule hawakulifanya. "Kule mupakani nako kuko dada ya muntu," akasema polepole. "Bale bantu hawana muntu hapa kwa biro ya kubachorea. Weye ndio uko muntu yao, na uko muntu ya Kilwa pia."

Mwanangu, nilimchukia kwa dakika ile. Nilitaka kuchukua mkoba wangu niende stendi nitafute lori la Kilwa, mchoro ajichoree mwenyewe. Lakini mikono ilijua kazi. Nikaiambia kompyuta isiweke mhimili wowote, ichore mistari mitupu. Kisha nikaongeza mhimili mwenyewe upande wa kushoto, kuanzia sifuri mpaka idadi kubwa ya Kasumbalesa, mmoja kwa wote wawili. Mstari wa Kilwa ukaanguka. Ukalala sakafuni kama uzi uliodondoka. Nikageuza uso.

"Sasa ule ya chini," akasema Papa Kazadi. Hakunihurumia. "Moja, mbili, tatu, ine. Ni nini ile? Ni siku? Ni wiki? Mukubwa akikuuliza utasema nini?"

Zilikuwa ni namba za ripoti tu, jinsi zilivyofuatana. Kompyuta ilikuwa imezihesabu kwa sababu sikuipa kitu kingine. Nikatoa na mhimili huo, kwa hasira, nikaandika wiki zenyewe kwa tarehe na majina ya miezi, kila alama mahali pake, kuanzia wiki ya kwanza ya ugonjwa mpaka wiki tuliyokuwamo. Mmoja kwa wote wawili, kama ule wa kushoto.

Na hapo nikasimama, lakini safari hii si kwa wasiwasi wa bure.

Mstari wa Kasumbalesa ulikwenda mpaka ukingo wa kulia, mpaka wiki ile ile. Mstari wa Kilwa ulikatika katikati. Baada yake hapakuwa na kitu, palikuwa peupe. Katika mchoro wa kwanza, kompyuta ilikuwa imeuvuta ukajaza kisanduku chake, na hakuna ambaye angejua kwamba ulikuwa umesimama zamani. Sasa ulionekana: ukiwa unapanda, halafu kimya.

"Papa, Kilwa hawajaleta ripoti."

"Minaona."

"Haiko sifuri. Ni kimya. Hatujui kitu."

"Basi andika bile," akasema. "Pale kwa peupe, andika kama hatujui."

Nikaandika. Mchana nikausimamisha ule mchoro mbele ya wakubwa, nikasema mambo mawili: kwamba wagonjwa tunaowajua ni wengi zaidi Kasumbalesa, na kwamba Kilwa imenyamaza, na hatuna haki ya kuihesabu kama imepona. Daktari mmoja aliuliza, "Sasa unataka gari liende wapi?" Kila mtu alinitazama. Wengine walijua nina mdogo wangu kule. Nikasema, "Kasumbalesa. Lakini Kilwa mutume muntu, leo, si kesho."

Yale maneno yalitoka kinywani mwangu kama mfupa.

Gari likaenda mpakani. Kwa Kilwa wakatoa muuguzi mmoja, Marcel, na katoni chache za serumu, na Papa Kazadi akaomba niende na Marcel nikazikusanye namba. Tukapata nafasi kwenye lori la wauza samaki lililokuwa linarudi ziwani. Barabara ile, wewe hujaiona. Lori lilizama, tukasukuma, likazama tena. Kila liliposimama mimi nilishuka nikatembea mbele yake, eti ndiyo njia ya kufika upesi, mpaka dereva akanifokea nirudi ndani.

Tulipofika, tulimkuta muuguzi wa kituo kitandani. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika ripoti, naye aliugua mwenyewe, ndiyo sababu ya ule weupe kwenye mchoro wangu. Marcel alianza kazi kabla ya kunywa maji. Mimi nikakimbia kwa Fifi.

Alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamezama, midomo imekauka, lakini hai. Mama-mkwe wake walikuwa wamemzika.

Nilimpa maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Aliponiuliza gari liko wapi, sikumficha. Nikamweleza habari za mchoro, za kipimo kimoja, za mkutano. Alisikiliza akiangalia dari. Kisha akasema, "Yaya, ulinichora mudogo."

Nikachukua beseni nikaenda kuliosha.

Kama gari lingetumwa Kilwa, lingefika kabla ya mama yule kufa? Sidhani. Lakini sijui, na kutojua huko kumekaa ndani yangu miaka yote hii. Kasumbalesa waliokoka wengi, hilo nilionyeshwa baadaye. Kilwa wale ambao Marcel aliwawahi, waliokoka pia, naye Fifi akiwa mmoja wao. Amenizalia wapwa, tunapigiana simu kila Jumapili, tunacheka. Hata hivyo sijawahi kuuliza kama alinisamehe, wala yeye hajawahi kusema.

Ndiyo maana ninapokuona unachapa mchoro kwa simu na kuutuma kabla hata hujausoma, siwezi kutulia. Mwanangu, usikubali mihimili uliyopewa na mashine bila kuiuliza inatoka wapi na inaishia wapi. Unapolinganisha watu na watu, wapimie kwa kipimo kimoja, hata kama mmoja wao ni wa damu yako, na hasa kama ni wa damu yako. Andika chini wakati wenyewe, si namba tupu. Ukikuta mahali hujui, paache peupe, uandike kwamba hujui, kisha uende au umtume mtu akajue. Na usitegemee kwamba moyo utatulia kwa sababu umefanya sawasawa. Wangu haukutulia, na bado ningechora vilevile.

Mungu akupe macho ya kuona mpaka pembeni kabisa ya unachokichora. Akupe mkubwa wa kuketi kando yako siku mkono wako utakapotaka kupinda. Na kila mtu wako aliye mbali, barabara imfikie akiwa hai. Amina.