Nilivyochagua motor ya kupandisha gari ya rimoti kwenye ramp ya mbuzi

Wakuu, niaje. Hii ilinipata mimi mwenyewe pale Machakos, miaka ile betri za lithium bado hatujaziona. Sitaongeza chumvi, tayari iko na ya kutosha.

Niliacha shule kidato cha pili. Baada ya hapo ni kazi za wiki mbili mbili, nikichoka nahama. Wakati huo nilikuwa nafagia kwa fundi Mutiso, mzee wa kutengeneza redio na drili karibu na soko la mifugo. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kiti kwenye meza yake ya kazi.

Siku moja akaingia Hassan, muuza mbuzi, mtu mzima na ndevu zake, amekumbatia gari ya rimoti kama mtoto mgonjwa. Ndugu yake alimletea kutoka Dubai. Ilikuwa ya volti 7.2, akaona inatambaa, akaunganisha betri mbili ikawa 14.4. Alisema ilikimbia dakika moja tamu kabisa, halafu motor ikaungua.

Kurudi volti za chini alikataa. Alitaka motor ya kuhimili 14.4, na alitaka gari ipande ramp ya sokoni, ile ya kupakilia mbuzi kwenye lori.

Mutiso akanitazama. "Chagua wewe. Ikipanda, unakaa mezani. Ikiungua, weka ufagio chini uende."

Nikamwaga sanduku la motor kuukuu sakafuni, nacheka peke yangu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilishika kila motor mkononi, nikaipa betri, nikasikiliza. Nilijiambia inayolia zaidi ndiyo ya mbio. Ya hair dryer, ile mashine ya kukausha nywele, ikashinda, ililia kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke.

Tukaijaribu hapo nje. Gari ilienda hatua mbili, ikanuka, ikatoa moshi. Hassan alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaweka ufagio ukutani, nikijua nimekwisha.

"Kyalo," Mutiso akasema, "mkononi haina mzigo. Hata mimi bila mzigo nakimbia. Hiyo tuiite masomo. Umebaki na nafasi moja."

Nikaanza kufungua motor zilizokufa nione ndani. Wakuu, hapo ndipo nilifurahi kama mwendawazimu. Ile ya kwanza ya gari ilikuwa na waya mnene uliozungushwa raundi chache. Hiyo ni ya mbio, lakini ukiiongezea volti inajipika. Zile za raundi nyingi ziko pole kidogo, lakini zinavumilia volti.

Kumbe mbio zingetoka kwa betri. Motor nilitaka ile mvumilivu.

Nikaipata ndani ya drili ya volti 18 iliyopasuka ganda. Nene, nzito, imezoea kusukuma skrubu kwa mbao ngumu. 14.4 kwake ni mchezo. Ilikuwa ndefu, nikakata plastiki ya chasi kwa msumeno. Kwenye motor nikaweka gia ndogo kuliko ya mwanzo ili isihangaike. Receiver, ile inayopokea amri za rimoti, nikaipa betri zake nne ndogo, isiguswe na volti kubwa.

Asubuhi ya soko, Hassan akafinya rimoti.

Gari ilipanda ramp kwa pumzi moja, haikusimama juu, ikaingia moja kwa moja kwenye lori ambalo tayari limejaa mbuzi.

Mbuzi wote wakashuka.

Watu wanakimbiza mbuzi, wanamtukana Hassan, na nusu ya hao mbuzi ni wake. Yeye amesimama tu na rimoti. "Wallahi imepanda. Mmeona imepanda?"

Mutiso hakukimbiza kitu. Aliingia kwenye lori, akapindua gari, akaweka kidole kwenye motor, akahesabu kwa Kikamba mpaka kumi, polepole. Kidole hakikutoka.

"Joto la chai iliyosahauliwa," akasema. "Tukirudi, jitafutie kiti."

Nilichojifunza: usichague motor kwa kelele zake ikiwa mkononi. Uliza imezoea volti gani, na itasukuma nini.

Nyinyi mnachaguaje? Wenye kujua zaidi, nirekebisheni hapa. Na kama mbuzi wako alikuwa kwenye lori hilo, pole sana mkuu, sema pia.