Vifaranga Niliowapaka Makala

Taabu yangu ilianza mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka tisa. Papa, baba yetu, alikufa kule Lubero, na mama akatushusha Goma, mimi na dada yangu Masika, pamoja na kuku mmoja mwekundu ambaye bibi alitupatia siku ya kuondoka. Huyo kuku ndiye aliyekuwa urithi wetu. Tukapata nyumba ya mbao huko Majengo, uwanja mzima mawe meusi ya volkano, hata majani yanaomba ruhusa kabla ya kuota. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri. Sisemi kwa haya. Wenye diplome wamekuja kwangu kuomba kazi. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya upumbavu nitakaousimulia.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi tulikaa kwenye jiwe kubwa mbele ya mlango, kikombe cha uji wa mtama mkononi, moshi wa jiko machoni, na mama akatuonyesha majirani. Kulikuwa na mjusi wa kichwa cha bluu, anayeinamisha kichwa ukutani kama katekista aliyesikia jibu zuri. Kulikuwa na nyamanza, yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, aliyejenga chini ya bati letu. Huyo hafukuzwi, mama alisema, ni mgeni wa nyumba. Na juu kabisa, akitokea upande wa ziwa, mwewe. "Muangalie," mama alisema, "anatembea na hagusi kitu." Nadhani alimpenda mwewe kuliko mahubiri ya padri, Mungu amsamehe.

Kisha kuku wetu akaangua vifaranga wanane. Mwewe naye akapata habari.

"Paluku," mama akaniambia, "sasa weye ndiye mwanaume wa nyumba. Chunga hawa vifaranga. Wakiisha, mbegu ya kuku wa bibi yako imeishia hapa."

Watu walipaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatamani. Wa jirani yetu, Mama Kavira, walikuwa zambarau, kwa dawa ile ya vidonda. Sisi dawa hatukuwa nayo. Lakini akili nilikuwa nayo, tena nyingi. Nikawaza: mawe yetu ni meusi, na makala, yale makaa ya jikoni, ni meusi. Nikasaga makala, nikachanganya na mawese kidogo, nikawapaka wote wanane, kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha. Nikawaachilia kwenye mawe. Mwewe akazunguka, akazunguka, akaenda zake Keshero na njaa yake. Nikajipiga kifua.

Shida ni kwamba hata mimi sikuwaona tena. Kuku mwenyewe, mmoja alipomsogelea, alimdonoa kama mwizi, na wengine wakatawanyika. Mama aliporudi sokoni alinikuta natambaa uwanjani.

"Vifaranga wako wapi?"

"Wako, mama."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Usikanyage."

Mama akabaki na mguu mmoja hewani, kama korongo. Masika akadakia mlangoni: "Mama, amewageuza mawe!"

Mama akamfunga kuku mguu kwenye kigingi, akamwaga mtama, akatuamuru tunyamaze. Kuku akaita. Mawe yakaanza kutembea: mmoja, wawili, mpaka wanane. Wote wazima.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa muzee mwenye heshima. Lakini nilitaka mama akubali kwamba nina akili. "Mama, hii rangi inatoka, angalia!" Nikamkamata mmoja, nikamuosha kwa sabuni, nikamkausha kwa shati langu, akawa manjano kama kiini cha yai. Nikamweka juu ya lile jiwe kubwa, jeusi tititi, ili mama amwone vizuri.

Si mama peke yake aliyemwona.

Kivuli kimoja, upepo kidogo usoni, basi. Jiwe likabaki tupu. Mama alitazama juu mpaka mwewe akawa nukta. Nikangojea fimbo. Akasema polepole, akiniita kama mtu mzima: "Papa yangu, umemuwashia mwewe taa." Kisha akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikalia. Kifaranga sikumlilia, nililia kile kicheko. Fimbo ilikuja kesho yake. Mama hakuwa mtu wa kusahau.

Saba walikua.

Leo wajukuu wangu wananiita: "Koko, kuya uone, mwewe anakamata nyoka!" Naenda, kumbe ni ndani ya telefone. Mwewe mwenyewe amekaa juu ya ukuta wetu, anawaangalia wao. Nikiwaonyesha wanasema, "Huyo? Huyo hana muziki." Natamani kuwacheka. Lakini wao hawajawahi kumwandalia mwewe meza. Mama hayupo tena, na asubuhi nakunywa uji peke yangu kwenye jiwe. Hakuna wa kuniambia muangalie, kwa hiyo najiambia mwenyewe.

Nina nyumba ya matofali, vyumba vitano, kwenye uwanja ule ule. Nina depo ya makala. Nina tukutuku mbili, moja mbovu. Nina jiwe ambalo mafundi walitaka kulivunja nikawafukuza. Nina kuku ishirini na mmoja, wote wekundu, uzao wa wale saba.

Vifaranga nawapaka zambarau.